Mara ya Tano

Pangani, 9 Januari 1972

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanajuma binti Msabaha,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kuchelewa kuandika. Mimi mzima. Kazi ya ukarani mahakamani inaendelea, na hakimu wetu bado anakohoa kila anapotaka kusema neno gumu. Samaki wa hapa ni tele, lakini mchuzi kama wako sijaupata kwa mtu. Nimesikia paa lako la uani linavuja. Nimemwomba fundi Mwinjuma alitazame kabla ya masika.

Sasa kaa vizuri nikueleze. Miaka mitatu unaniuliza barua kwa barua, "Unaoa lini, au unangoja nife nisione?" Basi usife. Nimepata mtu. Anaitwa Mwanvita, ana miaka ishirini na mmoja, amehitimu Kurani, anashona, na ulimi anao: siku ya kwanza tuliyozungumza alinisahihisha mbele ya baba yake, na baba yake akacheka. Huyo baba ni Mzee Abdala, fundi seremala. Nilimfahamu alipokuja kututengenezea kizimba cha mahakama.

Na tazama jinsi Mungu anavyopanga. Watu hawa ni wa Bagamoyo! Walikaa mtaa wako huo huo, nyumba ya tatu kutoka kwako, wakahamia huku binti akiwa mchanga. Mkewe ni marehemu Ashura. Mzee Abdala anasema wewe na marehemu mlikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Alipojua kuwa mimi ndiye mtoto uliyemlea, alinishika mkono hakuuachia mpaka chai ikapoa.

Mimi sina baba wala mama. Nakuomba uje mwenyewe na posa, au umtume mtu mzima anayejua kusema. Usikawie, Shangazi, maana sina subira na wewe unanijua.

Wako mtiifu,
Mikidadi


Bagamoyo, 2 Februari 1972

Mikidadi mwanangu,

Marahaba, na nyingine kwa zile zilizochelewa. Barua yako ilifika kabla ya Idi. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni kama kawaida. Zikipinda usicheke, ni macho.

Idi imepita salama. Mwinjuma alikuja, akatengeneza nusu ya paa, akanywa chai, akaenda zake. Nusu ya pili inangoja chai ya pili. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo zangu. Kuku watatu wamekufa kwa mdondo. Watoto wangu wa chuo wamefika mbali, isipokuwa yule mjukuu wa jirani ambaye kila siku anaanza upya kama hajawahi kuiona alifu.

Mzee Abdala namkumbuka sana. Ashura Mungu amrehemu. Kifo chake nilikisikia kimeshapita mwaka, nikalia peke yangu.

Hilo la posa tulia kwanza. Usiende kwao kila siku, watu wana macho. Nitakuandikia. Vaa kitu kizito asubuhi, kifua chako nakijua.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Pangani, 13 Februari 1972

Shangazi,

Shikamoo. Kifua changu kizima, ahsante. Kuku nimewasikitikia, na paka nampa hongera.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu, sijaliona. Nimekuletea jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu, umenijibu habari za mdondo. Wewe ambaye ukimkataa mtu unamkataa mchana kweupe sokoni! Basi nimelazimika kukisia, na nilichokisia kimenichoma.

Najua watu wa mji wa kale wanavyosema. Babu yake Mzee Abdala alikuja pwani na misafara, akiwa amebeba mzigo usio wake. Je, ndilo hilo? Binti hana ukoo wa kuandikwa kwenye kadi? Wewe uliyenifundisha kwamba mbele ya Mungu watu ni kama meno ya kitana? Kama ndilo hilo, niambie, nijue kwamba nililelewa na maneno tu.

Na kama ndilo hilo, nitakwambia langu pia. Mwaka jana imeanza kazi sheria mpya ya ndoa, nami ndiye ninayeipanga kabatini. Mtu mzima na mtu mzima wakikubaliana, bomani pako wazi, na Mkuu wa Wilaya haulizi babu alibeba nini. Sitaki kufika huko. Lakini usinisukume.

Mzee Abdala ananiuliza wageni wanakuja lini. 

Mikidadi


Bagamoyo, 8 Machi 1972

Mikidadi,

Umenitukana, nami nimekusamehe kabla sijaikunja barua, kwa sababu ungekuwa na haki kama ndilo hilo. Silo. Babu yake Abdala alikuwa mtu bora kuliko wengi waliolala kitandani akibeba mzigo wao. Mambo haya siwezi kumpa mtu aniandikie, ndiyo maana nimekawia, na pia nilikuwa nangoja nikumbuke. Sijakumbuka. Sasa kaa chini usome.

Mama yako alifariki siku aliyokuzaa. Wiki ile ile mimi nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza. Kaka yangu akakuleta umefunikwa kanga, ukalia, na maziwa yangu yakatoka yenyewe. Nimekunyonyesha miaka miwili kasoro kidogo. Hilo unalijua na mji mzima unalijua.

Usilolijua ni hili. Miaka saba baadaye nilikuwa namnyonyesha mwanangu marehemu Tatu. Ashura akapata jipu la ziwa, homa ikampanda hata akapelekwa hospitali hajijui. Abdala alikuwa Ubena kazini. Mwanvita alikuwa na miezi mitatu, akakataa maziwa ya mbuzi, akakataa kila kitu, sauti ikamkauka. Basi akaletwa kwangu. Nilimnyonyesha asubuhi, na adhuhuri, na jioni, na kesho yake asubuhi tena. Mara nne, na kila mara aliliacha ziwa mwenyewe ameshiba. Hizo naziona waziwazi, hata rangi ya kanga niliyovaa.

Kisha homa ikanishika mimi. Nililala kutwa nzima sijitambui. Nilipoinuka, Ashura amekwisha rudi, jipu limepasuliwa, mtoto yuko kwake.

Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa kwamba mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, amekuwa mwanawe, na wote waliomnyonya mwanamke yule ni ndugu. Hawaoani. Nne hazifungi kitu. Ya tano inafunga kila kitu. Na mimi, Mikidadi, ya tano siijui. Kama niliamka ndani ya ile homa nikampa, sikumbuki. Kama sikumpa, pia sikumbuki.

Serikali yako itakuuliza jina na umri. Mungu anakuuliza ulikula nini kabla hujajua kusema. Sikukutungia mimi sheria hii, ndivyo nilivyoikuta.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini usiende bomani.

Mwanajuma


Pangani, 19 Machi 1972

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nisamehe kwa barua ile. Niliiandika kwa hasira, na aibu yake ninayo hadi leo.

Sasa nisikilize kama ninavyosikiliza watu kazini. Shahidi akisimama kizimbani akasema "Sikumbuki", hakimu haandiki "ndiyo". Hakuna anayefungwa kwa neno hilo. Wewe unakumbuka nne. Basi ni nne! Baki hapo, usitie "labda" mbele yake wala nyuma yake. Ukiulizwa na yeyote, sema nne, na utakuwa umesema kweli tupu. Nakuomba sana.

Sheria mpya nimeifungua tena. Imewataja wasiooana: damu, ukwe, mtoto wa kulea. Maziwa sikuyaona. Sikwambii hivi kukutisha. Nakwambia ili ujue kwamba mlango ninao, na sijaufungua kwa ajili yako.

Na niseme lililo moyoni. Ni haki gani hii, watu wazima wawili watenganishwe na saa chache za homa za mtu wa tatu, miaka ishirini iliyopita, wenyewe hawana kosa? Mwizi anajua alichoiba. Mimi nimefanya nini?

Nilimweleza Mwanvita, mbele ya baba yake. Alicheka. Kisha akachambua mchele mpaka ukaisha. Halafu akasema, "Niulizie kwa wenye elimu. Mimi siwezi kuolewa na swali." Nikamwambia swali lenyewe halina maana. Akasema, "Kama halina maana, jibu lake litakuwa rahisi. Si uende?"

Basi kwa ajili yake nakuomba umwendee Sheikh Alawi. Mweleze yote. Lakini mweleze nne.

Mikidadi


Bagamoyo, 30 Aprili 1972

Mikidadi mwanangu,

Barua yako imekaa njiani mwezi mzima. Mto Wami umefurika, magari yamelala ng'ambo, na hii yangu sijui itakufikia lini. Maulidi tumesoma katikati ya mvua, nusu ya watu ndani na nusu barazani, na ubani wote umelowa. Nusu ya pili ya paa bado haijatengenezwa, na sasa kila mtu anajua.

Nilikwenda kwa Sheikh Alawi. Nilimweleza nne, na nikamweleza homa. Hilo la kumficha homa usiniombe tena. Wewe karani unataka shahidi akatwe ulimi katikati?

Alisikiliza amefumba macho hata nikadhani amelala. Kisha akasema: "Nne ni yakini. Ya tano ni shaka. Yakini haiondolewi kwa shaka. Ndoa ni halali." Nikamwambia, "Na moyo wangu, Sheikh?" Akasema, "Moyo wako si kadhi, Mwanajuma." Mke wake aliyekuwa nyuma ya pazia akacheka, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka hapo hapo.

Kisha akauliza ni nani aliyekuwa akimleta mtoto kwangu. Nikamwambia ni Somoe, ndugu wa mbali wa Ashura aliyekuwa akikaa pale, msichana wakati huo. Aliolewa Mkange, na sijamwona miaka mingi. Sheikh akasema hatulazimiki kumtafuta, Mungu hakututuma kupekua. Tena mwanamke mmoja hatoshi kuwa ushahidi mbele ya kadhi. "Lakini," akasema, "mwenye kumsikia na kumsadiki, huyo amejihukumu mwenyewe."

Basi oa, mwanangu. Nimekubali. Sitakudanganya kwamba sina kitu kinachonikuna, lakini nimeambiwa si kadhi, nami nimeambilika. Nimekwisha ongea na Dija, mdogo wake marehemu Ashura, siku hizi amehamia hapa hapa mtaani. Anataka arusi iwe kwake, na Abdala akikubali tuiweke Rajabu. Nitapeleka posa mimi mwenyewe maji yakipungua, hata kama ni kwa kubebwa.

Mwanajuma


Pangani, 21 Mei 1972

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara zote unazozitaka. Barua yako nimeisomea njiani kutoka posta, nikagongana na mtu mwenye tenga la samaki, naye hata hakunitukana, alivyoiona sura yangu. Mzee Abdala amekubali Rajabu na amekubali kwa Dija. Mwanvita nilimsomea maneno ya Sheikh neno kwa neno. Alinirudisha nyuma mara mbili, kwenye yakini na kwenye shaka, kisha akasema, "Haya, sasa naweza kulala." Halafu akanifukuza, ana cherehani.

Juni nina likizo. Baada ya kukupokea na posa yako nitateremka kwa njia ya Saadani mpaka Mkange nimwone huyo Somoe. Usitishike. Nimesikia Sheikh alivyosema, hatulazimiki. Lakini nimesoma barua yako, na kile kinachokukuna nimekiona kwenye maandishi. Nataka siku ya arusi upige vigelegele kwa kifua kizima. Atasema hakukuletea mtoto siku ile, maana nani anampelekea mtoto mtu mwenye homa? Nitakuletea jibu lake na faili litafungwa.

Mikidadi wako


Bagamoyo, 27 Juni 1972

Mwanangu Mikidadi,

Mgongo umepoa tangu safari ya Pangani, na posa ile nimeieleza mtaa mzima mpaka wanaanza kuingia ndani wakiniona. Mwanvita amewasili salama kwa Dija. Nilikwenda kumpokea nimejipanga kuwa mkwe mkali. Akaniamkia, akaniangalia, akasema, "Bi Mwanajuma, gauni lako limeshonwa vibaya begani." Nikalivua palepale akalishona upya. Huo ndio uliokuwa ukali wangu.

Amekwisha wekwa ndani. Kila siku alasiri naenda kumsinga liwa mwilini, ngozi ing'ae. Dija anasema mikono yangu mizito, lakini mtoto ananitaka mimi. Ananiuliza habari za mama yake, ambaye hamkumbuki vizuri. Namweleza alivyokuwa akiimba vibaya na kwa sauti kubwa, na ananiambia rudia. Juzi alilala huku namsinga, kichwa mapajani mwangu, nikaogopa kuinuka mpaka miguu ikafa ganzi. Mikidadi, nampenda mtoto huyu. Sikutegemea.

Mchele umechambuliwa. Wapishi wamepatikana. Mwinjuma amemaliza paa, kwa aibu ya arusi.

Ulikwenda Mkange? Somoe yu hai? Nijibu.

Mwanajuma


Pangani, 8 Julai 1972

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi salama. Barabara ya Saadani ni mbaya, gari lilikwama mchangani tukalisukuma. Mkange nilifika. Somoe ni mzima, ana watoto sita, anakusalimu sana.

Hapa kazi ni nyingi. Hakimu amepata likizo ya ugonjwa.

Mikidadi


Bagamoyo, 19 Julai 1972

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna maneno mengine.

Nimekulea. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unanieleza hali ya hewa. Sasa umenieleza barabara ya Saadani. Nimekaa na karatasi hii siku nne, kila siku nikienda kumsinga mtoto na kurudi.

Nitaandika hivi. Sheikh amekwisha sema. Wageni wamekwisha alikwa, hata wa Vigwaza wamejibu kwamba watakuja. Dija ametoa kitanda cha mama yake kimepakwa rangi upya. Mtoto anahesabu siku kwa vidole na hajui kuwa namwona. Mwanamke mmoja si ushahidi, alisema Sheikh mwenyewe. Mimi sijakuuliza Somoe alisema nini, na sikuulizi sasa. Kama huna la kunieleza, usinieleze. Njoo tu.

Nimeisoma hiyo mistari na nimeona haya, mimi ninayefundisha watoto wa watu maneno ya Mungu kwa fimbo. Lakini siifuti.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Pangani, 30 Julai 1972

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema "usinieleze", nami nitakueleza. Nisamehe.

Nilimkuta Somoe uani kwake anatwanga. Sikumwambia kwa nini nimekuja. Kazini nimejifunza kuwa shahidi hapewi jibu mdomoni, na nilijivunia ujanja wangu huo njia nzima. Nilimwambia tu kwamba mimi ni mtoto wa Bi Mwanajuma, namkumbusha habari za zamani, za jipu la Ashura na yule mtoto aliyekataa maziwa ya mbuzi. Uso ukamng'aa. Akaweka mchi chini.

"Yule mtoto! Mwanvita! Alinitesa yule! Kubeba huku, kubeba kule, na kilio chake kama king'ora."

Nikamuuliza, "Na Bi Mwanajuma alipougua, mlifanyaje?"

Akacheka, akafunika mdomo kwa kanga. "Nikwambie? Hutamwambia? Miaka yote sijamwambia mtu. Mchana ule mtoto alilia mpaka akaacha kulia, nikaogopa. Nikampeleka. Bi Mwanajuma amelala anawaka moto, namwita haitiki. Wazee walikuwa wanasema maziwa ya mwenye homa yanamuua mtoto. Lakini nifanyeje? Nikamlaza ubavuni mwake, nikamwekea ziwa mdomoni. Akanyonya, akanyonya, mpaka akashiba akaliacha mwenyewe, akalala. Nikambeba haraka kabla mtu hajaingia. Kutwa nzima nilikaa nikimwangalia tumbo kama linapanda na kushuka. Nilijua akifa nimemuua mimi. Hakufa. Mwambie Bi Mwanajuma leo nimetubu, asije akanichapa!"

Akanikaribisha chakula. Nilikula, Shangazi. Sijui nilikula nini. Watoto wake wakanisindikiza mpaka barabarani.

Hajui alichokisema. Hapana mtu mwingine aliyekuwapo. Wewe ulikuwa hujitambui, Ashura amekufa, na Sheikh ametoa neno lake. Tangu siku ile nimejitetea kuliko wakili yeyote niliyemsikia. Nilisema, huyu ni mwanamke mmoja. Nilisema, amesahau, amechanganya siku. Lakini nilimwona uso wake. Namsadiki. Ndilo neno la Sheikh, na nililisoma kwa sauti mbele ya Mwanvita, na sote wawili tuliona linamhusu mtu mwingine.

Kisha ikaja barua yako. Ungeniandikia "usithubutu", ningebisha, wallahi, labda ningekwenda bomani. Uliponiambia nije tu, ndipo nilipoona umefika wapi kwa ajili yetu, na ndipo niliposhindwa. Nilikuuliza Machi nimefanya nini. Sijafanya kitu. Bado naona ni kubwa mno kwa watu wasio na kosa, na sitajifanya nimeielewa. Lakini mlango wa siri hii niliufungua mwenyewe, na ndani nilimkuta mtoto mwenye njaa amelazwa ubavuni mwako, na sikuweza kusema hakuwapo.

Nampenda. Sheria ya Mungu imenieleza asiwe nani kwangu, haikunieleza nifanye nini na hili. Nimeomba uhamisho, popote. Mzee Abdala nitamweleza mimi kesho asubuhi baada ya sala. Sheikh Alawi mpelekee barua hii.

Mwanvita siwezi. Nikimwona sitasema, nikisema sitaondoka. Yuko hapo kwako, anakusubiri alasiri. Mwambie wewe. Wewe ndiye mama yetu.

Mikidadi